Kiboko Akiwa Majini ni Samaki

Jumamosi, 3 Januari

Nimepata! Nimepata!

Nianze na mabaya. Kiboko amerudi shambani. Amekula mistari miwili mizima ya matikiti ya Peninah, na mengine akayakanyaga tu, kwa dharau. Mke wangu alisimama pale na jembe lake akiangalia maganda. Hakulia. Alisema tu kwamba matikiti haya ndiyo Wawira. Binti yetu ameitwa Gredi ya Kumi, shule ya bweni huko Kaaga, Meru, na anaripoti Jumatatu ya tarehe kumi na mbili. Latifah, mnunuzi kutoka Ishiara, anakuja na pikapu Jumamosi ijayo. Matikiti yakiisha kabla ya pikapu kufika, hakuna karo, na Wawira atabaki hapa Kiambere kuchunga mbuzi na mimi.

Njuki, kaka yake Peninah, alileta ushauri wake ule ule. Tukate miiba, tuzungushe ua. Ua! Nyama inakuja yenyewe kwa miguu yake mpaka mlangoni, na shemeji yangu anafikiria miiba.

Mimi nilikuwa naosha miguu jioni ndipo sheria iliponijia kichwani, yote, imejipanga. Kuwinda ni marufuku nchi hii, hata mtoto anajua. Lakini watu huwinda nchi kavu! Majini hawawindi, wanavua. Kiboko akiwa shambani ni mnyamapori, ukimgusa ni jela. Akiwa ndani ya bwawa ni kitu cha majini, sawa na kambare, ila mnene. Na mashua ya jirani yetu Mbae ina kibali cha kuvua. Nimekiona kwa macho yangu, amekifunga kwa karatasi ya nailoni.

Kwa hivyo miguu ikiwa chini, wewe ni jangili. Makalio yakiwa kwenye mashua, wewe ni mvuvi.

Ajabu hakuna wakili aliyewahi kuona hili.

Jumapili, 4 Januari

Siku tamu sana. Sijawahi kusalimiwa hivi tangu nizaliwe.

Baada ya ibada nilimweleza mchungaji sheria yangu. Alifikiri sana. Akasema yeye si mtu wa mahakama, lakini kama ni samaki, basi angeomba mbavu. Nikampa za kulia. Mbae alisita kuhusu mashua yake mpaka nikataja ulimi. Mzee wa kijiji alichukua mbavu za kushoto kabla sijamaliza kueleza. Kwetu huku mnyama hagawanywi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na ukikosea kipande umemtukana mtu. Nilikuwa makini sana! Akina mama wa kwaya, maini. Fundi wa baiskeli, shingo, kwa sababu ananidai heshima tangu mwaka jana. Kufikia saa kumi kiboko mzima alikuwa ameisha, na bado anaogelea.

Umebaki mkia. Ndipo nikamkumbuka Njuki.

Nikampa mkia. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza mbele ya watu wote, kwa neno letu la shemeji, "Muthoni unampea mkia?" Nikamwambia mkia wa kiboko ni mfupi lakini una mafuta. Akachukua kofia yake akaondoka bila kumaliza chai. Peninah ananiambia shemeji hapewi mkia hata wa ng'ombe, sembuse huo. Anasema nimemdharau yeye, mama yake na ukoo wote.

Watu wana hasira za bure. Angefika mapema angepata paja.

Jumatatu, 5 Januari

Ishiara. Nilikwenda kwa Yusuf mwenye bucha. Nyama itakuwa nyingi, na mtu wa kuiuza ni yeye, kisu chake kinajulikana mpaka Embu mjini.

Yusuf alisikiliza akiwa anakata mbuzi. Akasema kuna maswali mawili. La kwanza, kama dini yake inamruhusu mnyama huyo, na hilo itabidi aende akaulize msikitini. La pili, kama ni jela, na hilo hahitaji kumuuliza mtu. Nikamwambia atulie, ni samaki. Na samaki si hata hachinjwi? Nimemrahisishia kazi!

Aliweka kisu chini kwa kucheka. "Kwani umewahi ona samaki ikitembea kwa shamba, Muchangi? Hiyo si samaki, hiyo ni kesi."

Wateja nao wakacheka. Mmoja akaomba kilo mbili za samaki mwenye masikio. Sikukasirika. Watu wa maduka hawajui mambo ya maji. Nilinunua chumvi nyingi ya kuhifadhia nyama, nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumanne, 6 Januari

Amekuja tena. Mistari mingine mitatu. Nilihesabu kwa furaha, nikajikumbusha kwamba si vizuri kufurahi. Lakini kila tikiti analokula linaingia kwenye nyama yangu!

Peninah anataka kuwapigia simu maafisa wa wanyamapori waje waone hasara. Nilishtuka mpaka nikamwaga uji. Wakija watamfukuza kiboko wangu, aende akaliwe na watu wa ng'ambo. Nikamwambia aniachie mimi. Akauliza ameniachia mambo mangapi mpaka sasa. Swali hilo halikuwa na adabu.

Alipokwenda kuteka maji nilichukua tawi nikafagia nyayo zote, kuanzia matikiti mpaka ukingo wa maji. Nilizika kinyesi. Nilikusanya maganda nikawapa mbuzi. Shamba likawa safi kama uwanja wa kanisa. Afisa yeyote akipita ataona matikiti machache tu na mke mwenye huzuni, na huo si ushahidi.

Peninah aliporudi aliuliza nani amefagia shamba. Nikasema ni zawadi. Aliniangalia kwa muda mrefu sana. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 8 Januari

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Upande ule mwingine una vijiti.

Tulitoka na Mbae asubuhi. Mimi na upinde wa marehemu babu, mishale mitatu, mmoja umepinda. Sufuria ya kuwekea maini. Moyo unadunda! Nilimkumbusha Mbae sheria. Makalio chini, miguu ndani. Nilikaa nimejibana kama mtu aliye kwenye mtihani.

Tukafika pale maji yanapokuwa na kina kidogo na mashua ikakwama kwenye tope. Mbae akaniomba nishuke tusukume. Nikakataa. Nikigusa chini tu, uvuvi umeisha, mimi ni jangili. Mbae akasema tope si nchi kavu. Nikamwambia asinifundishe sheria yangu mwenyewe. Alitukana kwa Kimbeere, maneno ambayo siyaandiki hapa, akashuka akasukuma peke yake. Mashua ikateleza mbele na mimi ndani. Mbae akabaki amesimama kwenye tope.

Ndipo akainuka. Kiboko! Karibu hivi! Masikio yanachezacheza. Akapiga miayo na nikaona mpaka kooni, na nakiri nilimwona mchungaji akila mbavu. Nikavuta upinde nikiwa nimekaa, jambo ambalo babu hakuwahi kufanya. Mshale wa kwanza ukaanguka ndani ya sufuria. Wa pili ukaenda na kofia ya Mbae. Wa tatu ndio ule uliopinda, sijui uko wapi mpaka sasa.

Kiboko akazama. Nikamwambia Mbae nadhani amekufa.

Halafu mashua ikapanda juu! Nilisikia mbao zikilia. Akang'ata ubavu wa mashua kama mtu anavyong'ata muwa, akaisukuma mpaka kwenye kina. Mbae, kwa kuwa alikuwa jangili tayari, alikimbilia nchi kavu. Mimi mvuvi halali nikabaki na maji yakiingia. Kuna miti mikavu iliyosimama ndani ya bwawa tangu maji yalipofunika mashamba ya zamani. Nikakumbatia mmoja. Mashua ikaenda zake.

Nilikaa juu ya mti huo, vijiti vikinichoma makalio, mpaka jua likawa kichwani. Nilikuwa naogopa, nasema wazi. Niliogopa kiboko, niliogopa mamba, na nilimfikiria Wawira amesimama na sanduku lake. Nikaanza kuimba nyimbo za kwaya ili wenye maini yao wanisikie.

Injini! Mashua ya serikali! Ndani yake amekaa Njuki, na afisa wa wanyamapori mwenye sare, mwanamke anaitwa Karambu. Njuki ndiye aliyewaita, tangu Jumatatu. Kwa ajili ya mkia!

Afisa Karambu hakunishusha mara moja. Alizima injini akauliza ninafanya nini. Nikasema ninavua. Akauliza samaki gani. Nikasema mkubwa. Akaangalia upinde mgongoni mwangu. Kisha akanifafanulia sheria yote nikiwa juu ya mti, pole pole, kwa Kiswahili cha Kimeru. Kuwinda mnyamapori ni marufuku, iwe kwa mashua, kwa gari, kwa ndege au kwa miguu. Kibali cha samaki ni cha samaki. Kiboko ni mnyamapori hata akiwa ndani ya beseni. Anayeweza kumwondoa mnyama msumbufu ni afisa, si Muchangi. Akauliza kama nimeelewa. Hakuna mtu amewahi kuelewa sheria haraka vile. Kiboko alikuwa anapumua nyuma yangu.

Njuki alininyooshea mkono kuniteremsha. Alikuwa anatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule ulioelekea kwangu.

Ijumaa, 9 Januari

Sitakwenda jela. Upinde umechukuliwa, na nimepewa onyo. Karambu amesema kiboko hakuumia na mimi nimeshajiadhibu vya kutosha. Nilitaka kuruka kwa furaha lakini vijiti vilinizuia.

Halafu akamwambia Peninah habari njema. Mtu akiharibiwa mazao na mnyama anaweza kuomba fidia. Afisa anakuja, anaangalia nyayo, anapima hasara, anapeleka maombi. Kama tungewaita mapema wangemfukuza pia. Akaomba aonyeshwe nyayo.

Peninah akamwongoza. Nikawafuata. Shamba safi, kwa maana tangu Jumanne kiboko hakuwa amerudi. Hakuna nyayo, hakuna maganda, hakuna hata kinyesi. Karambu akauliza kiboko alipita wapi. Peninah akanigeukia.

"Umemfagia Wawira," alisema.

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Wawira alikuwa amesimama mlangoni na sare yake mpya, anaijaribu, na alisikia. Akarudi ndani kuivua. Hilo liliniuma kuliko vijiti vyote, na nimeliandika ili nisijifanye halikuniuma.

Karambu alikuna kichwa. Akasema bila alama hana cha kuandika, lakini kiboko hupita njia moja ile ile, na njia ikizibwa vizuri huenda akaiacha. Miiba. Miiba mingi. Njuki akanywa chai yake yote safari hii, pole pole, akiniangalia.

Tumekata miiba kutwa nzima. Mimi ndiye niliyeibeba.

Jumamosi, 10 Januari

Ua umeshika! Asubuhi nyayo zake zilifika mpaka kwenye miiba, zikasimama, zikageuka. Nilikimbia kumwita Peninah, nikamwambia wazo langu limefanikiwa. Akauliza wazo gani. Nikasema la kubeba.

Latifah alifika na pikapu akachukua matikiti yaliyobaki. Hayakutosha. Peninah alikaa juu ya debe. Njuki akatoka na beberu wake mkubwa, akarudi peke yake. Amemuuza sokoni ili Wawira aende. Ndivyo alivyosema, kisha akauliza kama kuna chai.

Nilishindwa kumwangalia. Peninah amesema tutamchinjia mbuzi, na apewe mguu wa nyuma, mzima, kwa mikono yangu mwenyewe. Nimesema sawa. Nimeutoa, nimemshukuru mbele ya watu. Aliupima kwa mkono, akasema ni mzito kuliko mkia.

Mbae alikuja kuchukua mlango wa choo chetu kuzibia mashua yake. Nilimsaidia kuung'oa.

Jumatatu, 12 Januari

Wawira ameondoka. Nilimbebea sanduku mpaka barabarani. Alinishika mkono akanifanya niape. Nikae mbali na maji, nisipande mashua ya mtu yeyote, nisiguse bwawa isipokuwa kunawa uso. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikaapa. Nikaapa kwa moyo wangu wote, na nilirudi nyumbani nikilia, nikiwa baba bora kuliko wote Mbeere.

Kiboko naye amehama. Njuki anasema sasa akitoka majini usiku anavuka kilima, anakula nyasi kando ya barabara, mbali kabisa na bwawa.

Mbali na bwawa.

Nimekuwa nikirudia maneno ya Karambu tangu mchana, na niliyasikiliza vizuri, nilikuwa juu ya mti. Alisema mashua. Alisema gari. Akasema ndege, akasema miguu. Nimeyapitia tena na tena na moyo unaanza kudunda kama siku ile. Hakutaja punda!

Na mtu akiwa juu ya punda, miguu yake haigusi chini.

Njuki ana punda. Nitamwomba kesho asubuhi, nimwambie ni wa kubebea kuni. Safari hii nitampa paja. Mbavu za kulia bado ni za mchungaji.