Des Quilty na Shaba ya Bi Merle

Kule Cobar, mji wa migodi ya shaba huko Australia, mtu akiwa na buti zenye vumbi na waya begani huitwa mtaalamu, na hakuna anayemuuliza cheti. Des Quilty, mtoto wa Sydney, aliligundua hilo siku aliponunua mnadani mashine kuukuu ya kupimia madini kwa umeme. Tangu siku hiyo hakuosha buti.

Kazi aliiiga vizuri. Alipigilia vigingi vya chuma ardhini, akavimwagia maji ya chumvi, akapitisha umeme, akauzima, kisha akatazama sindano. Mwamba wenye shaba huung'ang'ania umeme kidogo kabla ya kuuachia, na hapo sindano huruka. Sindano ya Des iliruka alipobonyeza kitufe cha siri kwa goti. Kila aliyemlipa alipata shaba, na Mungu amrehemu aliyechimba.

Basi siku moja, kwenye baa, akamsikia Bi Merle Trevaskis, mjane mfuga kondoo, akitafuta mtu wa kumpimia kiwanja alichoachiwa na mumewe pamoja na leseni ya madini. Asubuhi Des alikuwa huko na vigingi vyake. Akauzima umeme. Sindano ikaruka mpaka mwisho.

Des akalitazama goti lake. Lilikuwa bado halijagusa kitu. Akarudia, ikaruka tena.

"Vipi, kijana?" akauliza Bi Merle.

"Pole, mama. Pakavu kabisa, hata chembe ya shaba hakuna."

"Ajabu! Marehemu Col alikuwa akisema chini hapa pamejaa vyuma."

"Marehemu husema mengi. Lakini nimekuonea huruma. Niuzie hiyo leseni."

"Pakavu utapafanyia nini?"

"Moyo wangu mwepesi, mama."

"Basi niachie gari lako la mizigo. Na hiyo mashine."

Des akaona gari si kitu mbele ya mlima wa shaba. Alitia saini bila kusoma, maana kusoma aliwaachia washamba.

Akakopa, akakodi tingatinga. Kijiko cha kwanza kikaibuka na mlango wa gari. Cha pili, mashine ya kufulia imezongwa na seng'enge. Cha tatu, nusu ya trekta. Bi Merle akafika na chupa ya chai, akiendesha gari lililokuwa la Des.

"Mama, haya ni nini?"

"Taratibu na huo mlango! Ni wa gari letu la harusi. Shamba gani huku halina shimo la kuzikia magari?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia pana vyuma. Wewe ndiye uliyesema pakavu."

Des akataka kulia, na alistahili. "Nafukia, naondoka zangu."

"Hufukii kitu, mwanangu. Mwenye leseni akishafungua ardhi, anaisafisha yote, ndilo sharti lake. Halmashauri wamenisumbua mno juu ya shimo hili, nami mgongo wangu hauwezi." Akammiminia chai. "Jaa la mjini wanafunga jioni."

Des akalikodolea macho gari. "Utaniazima, mama?"

"Kuazima?" Bi Merle akazitia funguo mfukoni. "Nakodisha."