Kundi Lisilopewa Kitu

Kwako Ndugu Mkuu wa Utafiti wa Misaada ya Watoto na Vijana Wenye Ulemavu,

Salamu nyingi. Kwanza uniwie radhi kwa hilo doa la uji pembeni mwa karatasi. Sasa hivi tu mwanangu wa miaka minne, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu sote ni watumishi wake, amenipokonya kijiko na kunigonga nacho kwenye paji la uso. Nakuomba usilipite hilo haraka. Amenigonga kwa mkono wa kushoto, ule aliozaliwa nao umefumba ngumi, ule ambao fomu yenu imeandika "hautumiki". Umetumika, ndugu yangu! Paji linaniuma na ninacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa malalamiko. Mimi sikusoma sana, kwa hiyo nitayapanga kwa namba yasije yakanikimbia.

1. Utafiti wenu ulipoanza mtaani kwetu, zilipigwa kura za bahati, watoto wakagawanywa. Kundi la Kwanza wapewe posho, kiti chenye mikanda na magurudumu, na mtaalamu wa mazoezi wa kuwatembelea. Kundi la Pili wasipewe kitu, ili walinganishwe na wenzao. Karani wenu, binti mwenye adabu zake, akaniambia Bosi amechaguliwa Kundi la Pili na kwamba mchango wetu ni mkubwa mno. Nilirudi nyumbani mbio. Tumechaguliwa! Mama mkwe akapiga vigelegele, kisha ndipo akauliza tumechaguliwa kupata nini. Nikamwambia, kutopata. Hadi leo vigelegele vyake ananidai.

2. Jirani yangu wa ukuta mmoja, binti yake aliangukia Kundi la Kwanza. Tunamwita Malkia, na kile kiti ndicho kiti chake cha enzi. Sikuona wivu. Lakini kila karani alipokuja kupima na kumkuta Bosi ameongeza jambo, leo anakaa bila kuegemea, safari nyingine anashika kikombe, uso ulikuwa unamshuka. Anauma kalamu. Siku moja akaniambia taratibu, "Mama Bosi, huyu wako hakutegemewa kufika hapa." Nikaomba radhi. Hata mtoto nikamkanya, nikamwambia baba, hebu rudi nyuma kidogo, unamharibia dada kazi. Akanitemea uji. Basi tena, hata baba yake mzazi hamsikilizi.

3. Hili ni la mdogo wangu wa kiume, fundi viatu, anayekaa nasi. Mguu wake mmoja ni mfupi tangu utotoni na alikuwa akipata posho. Alipotimiza miaka kumi na minane mkaikata, mkasema achunguzwe upya kama mtu mzima. Asubuhi ya siku hiyo nyumba nzima tulimfunua shuka tukautazama ule mguu. Ulikuwa bado haujapata taarifa.

4. Hili ndilo kubwa. Jana karani alikuja kutusomea matokeo. Eti mmepima makundi yote mawili ya mtaa wetu na tofauti haikuonekana. Waliopewa wameendelea, wasiopewa nao wameendelea. Kwa hiyo msaada hausaidii, mpango unafungwa, na Ijumaa gari linakuja kuchukua kiti cha Malkia. Ndugu yangu, hesabu gani hii? Jirani ana bomba uani, mimi sina, na nyumba zote mbili zina maji. Basi bomba halimletei mtu maji, nalo ling'olewe!

5. Lakini mimi si mbishi. Kama kutopata ndiko kulikomfikisha Bosi hapa, basi kutopata ni dawa kali, na si haki tuinywe peke yetu. Naomba ofisi yenu nayo ionje. Pigeni kura. Nusu yenu waendelee na mshahara, nusu wakae kama sisi. Wewe mwenyewe nakuombea uangukie Kundi la Pili, maana mchango wako utakuwa mkubwa mno. Mimi nitakuja kupima. Nitauliza kwa adabu kama watoto wamekula na kama unapanda ngazi bila kuegemea. Nikikuta bado unacheka, nitauma kalamu.

Hadi matokeo hayo yatoke, kiti cha Malkia kisiguswe. Nakuomba kwa mikono yangu miwili, na wa kushoto wa Bosi uwe wa tatu.

Nisalimie karani, mwambie kalamu aliisahau hapa, tumeitambua kwa alama za meno. Nisalimie mtaalamu wa mazoezi, na dereva wa hilo gari la Ijumaa, mwambie asiwe na haraka. Mama mkwe anakusalimu, bila vigelegele.

Ni mimi, mtiifu wenu wa Kundi la Pili,
Mama Bosi

Tanbihi: Karatasi imebaki nafasi na moyo unanisuta, kwa hiyo nimalizie. Jirani yangu aliona aibu mmoja apate na mwenzake anamtazama. Asubuhi kiti ni cha Malkia, mchana kinapita mlango wa uani kinakuja kwa Bosi. Mtaalamu akifika, jirani anatandika mkeka mmoja, wanalazwa wote wawili, na Bosi anajikaza asishindwe na msichana. Karani akiwa kwangu, kiti kiko kwa jirani, kimetulia kama hakijui njia. Hata uji ulio kwenye karatasi hii umenunuliwa kwa posho ya Malkia. Ndiyo kusema mtaani kwetu hilo Kundi la Pili halijawahi kuwepo. Tofauti mnayoitafuta ipo, ila tuligawana. Msimlaumu karani, na kiti kisiadhibiwe, sisi wakubwa ndio tulio na makosa. Na kama ni lazima mje Ijumaa, basi njooni mchana, mkute kimekaliwa na Bosi, tumwone huyo dereva atakayethubutu kum... Subiri kidogo, mdogo wangu ananiita kutoka uani, anapiga kelele, anasema dada njoo, dada njoo uone, Bosi kashika gurudumu kwa ule wa kushoto, kiti kinakwenda, anakisukuma mwenyewe, anakirudisha kwa Mal