Karanga kwa Raia Mwema

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Mwalimu Mkuu, Bwana Alois, ametuita ofisini, mimi na Justus. Ijumaa mkaguzi anakuja kutazama somo la Uraia Mwema. Mwalimu atakayefanya vibaya atahamishiwa shule mpya huko porini, mbele ya Urambo. Nimeuliza shule hiyo ina madarasa mangapi. Amesema kwa sasa ina bendera.

Siwezi kwenda. Mpapai wa mke wangu Flavia una papai moja tu, la kwanza, na limeanza kugeuka manjano ubavuni. Aliupanda mwenyewe karibu na jiko, akasema tukijaliwa tutakula kabla ya mvua za mwaka huu. Yeye hakujaliwa. Angalau mimi nile.

Justus, Mhaya mwenye mstari wa pasi hata kwenye soksi, tayari anawafundisha watoto wake kupiga saluti. Wana miaka saba. Taifa limepona.

Jumanne, 6 Oktoba

Nina mpango! Raia mwema hurudisha kilichopotea. Nitaangusha kofia mbele ya mkaguzi, mtoto ataiokota na kuirudisha kwa mikono miwili. Mkaguzi atatokwa na machozi.

Jaribio la kwanza: nimeangusha kofia. Kuluthumu, mdogo kuliko wote darasa la kwanza, ameivaa akaenda nayo kwao Isevya.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimeongeza kivutio. Kila anayerudisha kilichopotea anapata gao la karanga, kiganja kimoja tele. Serikali ilipanda karanga Urambo kwa matrekta, ikavuna vumbi. Mimi nitavuna raia.

Wema umeenea ghafla. Kufikia saa nne nimerudishiwa kofia, sufuria, na kuku wa jirani aliyepotea akiwa ndani ya banda lake. Raymundi, mwanafunzi mwingine, amemleta mdogo wake. Nimempa nusu gao.

Kuluthumu ameuliza atajuaje kwamba kitu kimepotea. Swali zuri. Nimemjibu kwamba kitu kisicho na mwenyewe karibu yake kimepotea. Ameitikia kwa kichwa polepole, kama hakimu.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nisimulie kwa utaratibu.

Mkaguzi, Bwana Mussa, ni Mzaramo mnene, mpole, mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa. Asubuhi alitazama darasa la Justus likipiga saluti. Watoto walisimama wima mpaka wawili wakaanguka. Kisha akasema darasa langu ataliona baada ya swala ya Ijumaa. Nikawapa watoto mapumziko, nikapanga kofia yangu njiani.

Walirudi wakiwa wamebeba viatu kwenye sketi na mashati. Makubazi, ndara, mitalawanda ya mbao, jozi ishirini na tatu. Juu kabisa, viatu vyeusi vinavyong'aa. Kuluthumu, mtoto wa Kiislamu, anayejua vizuri viatu hivyo hukaa wapi na kwa nini, alieleza kwamba wenyewe hawakuwa karibu. Walikuwa ndani ya msikiti. Akanyoosha mkono apewe karanga.

Kabla sijafumba mdomo nikamwona Bwana Mussa akija pekupeku kwenye mchanga wa moto, akirukaruka kama kunguru. Nyuma yake Mzee Abasi, mshonaji wa Mtendeni, na waumini wengine, wote wakirukaruka. Justus alitangaza kwamba huo ni wizi na akauliza fimbo iko wapi. Bwana Alois alinitazama kama anayesoma barua yangu ya uhamisho.

Nikalikumbuka lile papai. Halafu, sijui kwa nini, nikakumbuka msiba wa Flavia. Fundi mmoja wa reli, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, alijifunga kanga ya marehemu, akazunguka uani akinigombeza kwa sauti yake Flavia kwamba nimetupa tena shati kitini. Nilicheka mbele ya jeneza. Hakuna aliyenilaumu. Mtani ana ruhusa.

Nikakohoa. "Mzaramo," nikasema, "viatu vyako vimetekwa. Jikomboe."

Bwana Alois alifumba macho.

Mkaguzi alinitazama, akainua mguu mmoja, akaupoza kwa mkono. "Mnyamwezi wewe. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani. Leo mnabeba ndara? Mmekwisha kabisa."

Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akatoa kashata mfukoni, akamlipa Kuluthumu fidia. Mzee Abasi, ambaye ni Mmanyema na hana utani na mtu, alidai makubazi yake bila mzaha. Alipata mawili, yote ya kushoto.

Jumamosi, 10 Oktoba

Anakwenda Justus! Mkaguzi ameandika kwamba watoto wangu wanajua mila na wanashirikiana kazini. Kuhusu Justus ameandika kwamba mwalimu anayeweza kusimamisha watoto wima kiasi kile anafaa shule isiyo na kuta. Nimemsaidia kufunga mizigo. Amesema nimekaza kamba kwa furaha mno. Nimekana.

Jioni Bwana Mussa amepita kuaga. Ameuona mpapai. Hakuomba, mtani haombi. Amenyoosha mkono, akachuma, akaketi kizingitini kwangu na kisu chake, akasema viatu vyake vimelipwa. Nimesimama kama nguzo. Ningefanya nini? Sheria hiyo ya utani niliitangaza mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi pekupeku.

Ameuliza nani kaupanda. Nimemwambia.

Kisu kimesimama. Kisha akalipasua papai katikati, akanipa nusu kubwa. "Kula, Dionis. Na usinililie hapa. Nitaambia watu Mnyamwezi kalizwa na tunda."

Nimekula. Upande mmoja lilikuwa bado bichi. Flavia angesema sina subira. Mbegu zote nimezikusanya, hata alizotema yeye.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mbegu zinakauka dirishani juu ya andalio la somo la uraia, ambalo sasa lina kazi ya maana.

Bwana Alois ametangaza ukaguzi mwingine mwakani. Somo ni Usafi. Lazima nibaki mpaka mipapai mipya izae, kwa hiyo nimeanza leo leo. Kila mtoto atakayeniletea takataka anapata gao la karanga.

Kuluthumu ameuliza kama takataka za nyumbani zinahesabiwa. Nimemjibu kwamba raia mwema hatazami umbali.

Ameitikia kwa kichwa, polepole, akaomba ruhusa ya kwenda kuazima mkokoteni.