Magadi Kwenye Chungu cha Bayumi

Jumapili, 5 Novemba
Balaa. Jumanne Mwalimu Ragaa analeta darasa zima kwenye mkokoteni wangu wa fuli, maharage ya kuchemsha. Wanapima vyakula vya mtaani kwa maji mekundu ya maua ya choya: yakikuta ndimu hubaki mekundu, yakikuta magadi hugeuka kijani. Na kibao changu kinasema: BAYUMI, FULI BILA MAGADI TANGU BABU. Babu alitia. Mimi natia. Bila magadi maharage yale hayaivi hadi kiama.

Nimemshauri amkamate Shehata, muuza fuli wa ng'ambo ya barabara, mlaghai yule. Akaniuliza: "Umejuaje, ami?" Ndilo swali lake. Miaka kumi na sita anafundisha sekondari yetu ya Damanhur kwa swali hilo hilo. Jibu hatoi, hata umlilie.

Jumatatu, 6 Novemba
Nimepekua maisha yake nipate doa la kumtishia. Binti wa mpiga pasi. Mvuke aliujua kabla ya alfabeti. Aleksandria aliwashinda wote chuoni. Shule ya matajiri ikamwita, akasema wale wana walimu tayari. Maabara ya shule yetu haina vyombo, anapimia kwa bilauri za chai. Wenzake wanauza masomo ya jioni. Yeye wanaochelewa kuelewa huwafundisha bure, kwenye meza ya pasi ya marehemu baba yake.

Doa hakuna. Inakera.

Hila mpya: ndimu huua magadi. Nimekamua arobaini.

Jumanne, 7 Novemba
Wamempima Shehata kwanza. Maji yakabaki mekundu. Mshenzi kweli hatii magadi! Wakiwa wamenipa mgongo, nikamimina ndimu zote chunguni.

Chungu cha fuli kina shingo nyembamba. Povu likapanda kama lina deni na mimi, likamwagikia viatu vyangu. Shehata akapiga kelele kuwa mzee amefungua duka la sabuni. Msichana mmoja akasema ndani mna kitu kilichogombana na ndimu. Mwalimu akamuuliza amejuaje. Akaeleza vizuri, laana.

Miaka arobaini ya jina langu, mbele ya wateja. Mwalimu akaniangalia, kisha akawaambia kipimo kilichochezewa hakishuhudii lolote, warudi Alhamisi.

Walipoondoka akaninong'oneza kwamba hata mama yake alitia magadi, gesi ikiwa haba, na si aibu. Aibu ni kibao. Niungame mwenyewe kabla ya Alhamisi.

Mwanamke wa moyo mkubwa yule. Nilimficha machozi, nikasingizia kitunguu.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimeungama. Nimefuta kibao chote, nikaandika: FULI YA BAYUMI, INA MAGADI, IMETHIBITISHWA NA SAYANSI. Foleni imefika msikitini. Mwalimu kasoma, kacheka hadi kashika mkokoteni, kala sahani mbili.

Shehata ameanza kutia magadi, mwigaji. Nami nimeshaandaa kibao cha kesho: BAYUMI, SASA BILA MAGADI. Kiasi kile kile nitatia. Kosa langu lilikuwa ndimu tu.