Jiliwa Lililoombewa

Godlisten alikiacha kijiko ndani ya pilau, na jambo hilo peke yake lilitosha kuwashtua waliokuwa wakimfahamu. Alikuwa amesikia kitu kwenye meza ya pili.

"Nataka jiliwa la kisasa," Kimutai alikuwa anawaambia wenzake baada ya ibada pale Langley Park, Marekani. "Langu linabana chuma vizuri, lakini limezeeka, limejaa kutu. Naona haya hata mgeni akiliona."

Kimutai, Mkenya karani wa uwanja wa ndege na shemasi wa ushirika wao, alikuwa na mashine ya kuchonga chuma kwenye gereji yake kule Sterling, na jiliwa ndicho kibanio cha kushikia chuma kinapochongwa. Mkewe Jerotich alidai mashine ile inasalimiwa asubuhi kabla yake.

Godlisten alikuwa na dhiki yake. Mama yake Flaviana, mchumba wake, alikuwa anakuja kutoka Moshi kumkagua, na pete ilikuwa bado dukani, hela hana. "Mama akikataa, mimi nimekataa," Flaviana alikuwa ameshamwambia, tena bila kucheka. Na kumbe fundi mmoja wa College Park alikuwa anatafuta kwa udi na uvumba jiliwa la zamani kama lile la Kimutai, maana ya siku hizi hayamridhishi, na bei aliyotaja ilitosha pete.

Basi Godlisten akaenda mnadani, akaokota jiliwa ambalo taya lake lilicheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Akalipaka rangi ya buluu, akalisugua mafuta. Likapendeza, masikini, hata yeye mwenyewe nusura alinunue tena.

"Nakupa hili jipya, unanipa kuukuu lako," akamwambia Kimutai gerejini. "Na hilo la kutu nalichukua kwa huruma tu, nikaegemeze mlango."

Kimutai alimeza mate kwa kuiangalia ile buluu. Lakini mkono ukaenda kwenye karatasi. "Ngoja nilijaribu kidogo. Unaweka vipande vya karatasi chini ya chuma, unakaza. Karatasi ikilegea, ujue taya limekinyanyua chuma, na kila utakachochonga kitaenda upande."

Godlisten aliutazama mlango. Angeweza kukimbia, lakini jiliwa lilikuwa zito na gari alikuwa ameliegesha mbali.

"Kaka! Bwana asifiwe! Yaani tunaanza kitu kipya bila kukiombea?"

Akafumba macho, akaomba. Aliombea taya, akaombea skrubu, akaombea mpini, akawakemea maadui wote wa vyuma vilivyonyooka. Shemasi akaitikia amina kwa sauti ya kutetemeka. Kimutai alipofumbua macho akaifuata tena karatasi.

"Kaka Kimutai! Kitu kilichoombewa unakijaribu? Wewe, shemasi?"

Karatasi ikarudi mfukoni kwa aibu. Kuukuu likaingia kwenye buti ya gari la Godlisten. Lakini fundi wa College Park alikuwa amesafiri, na mama mkwe akatangulia kufika.

Karamu ya kumpokea ilifanyika nyumbani kwa Flaviana. Mama, mwenye khanga mabegani na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa ameshaanza kumcheka Godlisten kwa vituko vyake, na Godlisten akaona harusi hii hapa. Mara akaingia Kimutai akihema, amebeba boksi lenye utepe.

"Zawadi ya wachumba," akatangaza, akalifungua.

Buluu tupu, na kipande cha karatasi kimelegea kwenye taya. Godlisten akalisukuma boksi nyuma.

"Hapana kaka, hiki ni chako, siwezi..."

"Kitu kilichoombewa kinakataliwa?" Kimutai aliuliza kwa upole uliomtisha Godlisten kuliko matusi. "Waambie watu sifa zake, ndugu. Wewe unazijua kuliko mimi. Halafu nifungulie buti, nijitwalie kale kakuukuu kangu. Kwa chuma changu kale kanatosha."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Godlisten afanyeje? Akatoa funguo. Akasimama, akalisifu jiliwa: linabana, halitikisiki, mataifa makubwa yanalililia. Alilisifu vizuri mno, jamani, ulimi ulishazoea.

Mama akainuka, akalipapasa taya lile. "Flaviana, umepata mume mwenye moyo. Kitu cha namna hii si cha kukaa sebuleni. Naondoka nacho, nampelekea baba yako."

"Baba... anafanya kazi gani?" Godlisten alinong'ona.

"Hujui? Fundi chuma," Flaviana akajibu. "Gereji nzima ya Moshi ni yake."

"Akishalitumia," mama akasema, "ndipo atanipigia simu kuniambia kama wewe ni mkwe au si mkwe."

Godlisten akajaribu mlango wa mwisho uliobaki. "Mama, lakini... limeombewa. Halijaribiwi."

Mama alimtazama, akacheka hadi khanga ikamdondoka.

"Mwanangu, sisi kwetu tunaomba, halafu tunapima."

Kule nje buti ilisikika ikifungwa, na Kimutai akiondoka zake huku anaimba pambio.