Ratiba ya Utukutu kwa Mtoto Mwema

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba kengele mpya ya shule inakutendea wema kuliko inavyotutendea sisi majirani wa ukuta.

YAH: OMBI LA MWANAFUNZI WA DARASA LA PILI KURUHUSIWA KUWA MTUKUTU SIKU ZA MWANZO WA JUMA

Mimi ni mama mdogo wa msichana ambaye nyumbani tunamwita Sisimizi, kwa kuwa huweza kurudi kutoka shule, akavua viatu, akavipanga, akanawa mikono na kuanza kazi zake za darasani kabla mtu yeyote hajajua kwamba amefika. Dada yangu, mama yake, ni muuguzi wa zamu, hivyo malezi ya kila siku yameniangukia mimi, mhitimu wa saikolojia ya elimu ninayesubiri ajira na kuendelea kusoma. Nayataja haya ili ujue kwamba unaandikiwa na mtu anayeijua nadharia. Tendo likituzwa hurudiwa, lisipotazamwa hufifia. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu ni ule utepe mwekundu unaombandika kifuani Mwanafunzi Aliyebadilika Zaidi kwenye gwaride la Ijumaa, huku shule nzima ikipiga makofi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ili mtu abadilike, sharti awe na mahali pa kutokea. Sisimizi hana. Asiyeanguka atainuliwaje? Mwenzake wa dawati, yule mnayemwita Kimbunga, alimng'ata mtu Jumatatu na kufikia Alhamisi alikuwa hajang'ata mwingine, akatuzwa. Ametuzwa mara nyingi hata mama yake amezishona zile tepe zikawa pazia la jikoni. Nimeliona. Ni pazia zuri.

2. Tangu aanze shule, jina la Sisimizi halijatajwa gwarideni hata kwa bahati mbaya. Katika ripoti yake mwalimu wa darasa huandika, "Anaendelea vizuri." Sentensi hiyo hiyo aliandikiwa muhula uliopita mtoto ambaye alikuwa amekwisha kuhama shule.

3. Mtoto mwenyewe ameligundua tatizo. Alinijia na daftari mkononi, akasema, "Mama mdogo, na mimi nataka kubadilika. Sasa nianze na ubaya gani?" Kitaaluma nilivutiwa. Tuliketi sakafuni na kalamu za rangi jioni nzima tukichagua ubaya unaolingana na umri wake. Shuleni, hata hivyo, juhudi zake zimekwamishwa waziwazi. Alimwaga maji kwenye kisanduku cha chaki. Mwalimu akamshukuru kwa usafi. Alipiga kelele katikati ya somo, mwalimu akamwambia, "Paza sauti, mwanangu, huku nyuma hatukusikii." Alipokataa kabisa kuamkia, akaonekana ni mgonjwa, akaletwa nyumbani ameshikwa mkono na mlinzi wa lango. Huu ni upendeleo, Mwalimu Mkuu. Kimbunga angefanya nusu ya hayo, angekuwa nusu ya njia kuufikia utepe.

Mama yangu, yaani bibi yake, alipoyasikia alinijia juu. "Wewe na vitabu vyako! Watu wanalilia watoto wao wanyooke, wewe wako kanyooka unamkunja! Mimi niliwalea wote kwa jicho tu." Nilimweleza kwa adabu kwamba jicho nalo ni kichocheo. Akanitolea hilo jicho. Nikanyamaza, jambo linalothibitisha hoja yangu, ingawa halikunifurahisha.

4. Ubaya ulioshindikana shuleni sasa unastawi nyumbani. Ametia chumvi kwenye chai ya bibi yake. Ameficha miwani yangu ndani ya sufuria. Amechora ngazi ukutani, ndefu, isiyokwenda popote. Kila mara nimefuata utaratibu: nimefunga vitabu, nimeketi naye, nimemuuliza alijisikiaje, tumechora pamoja uso wa furaha na uso wa huzuni. Lakini tabia haififii, inaongezeka! Sioni maelezo mengine isipokuwa utepe wenu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

Mwalimu wa darasa afundishwe kuuona uovu wa mtoto huyu. Sisimizi apewe ratiba rasmi: Jumatatu kurusha karatasi, Jumanne kujibu jeuri, Jumatano kukemewa mbele ya mashahidi, Alhamisi kujuta, Ijumaa utepe. Kimbunga aazimwe kwetu kama mkufunzi, maana ujuzi haurithiwi, hufundishwa. Haya yakishindikana, ianzishwe tuzo ya Mwanafunzi Ambaye Hajabadilika Hata Kidogo, na apewe yeye. Na hilo likishindikana pia, nitalazimika kumhamishia shule ambako hakuna anayemjua kwa wema, akaanze maisha mapya ya uovu bila kuandamwa na sifa zake.

Nifikishie salamu kwa mwalimu wa darasa, kwa mlinzi wa lango aliyemleta mgonjwa asiyeumwa, kwa wapishi, na kwa Kimbunga pamoja na mama yake mwenye pazia.

Ni mimi, ninayeamini katika tabia njema na njia zote za kuifikia,

Mama mdogo wa Sisimizi

Nyongeza baada ya sahihi: Kabla ya kufunga bahasha nimemsomea mhusika barua hii, kwa kuwa ni haki yake. Amesikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Nikishapata utepe nikawa mwema tena, utakuwa unakaa na mimi chini?" Nikamjibu kwamba akiwa mwema hakutakuwa na haja. Akasema, "Basi mwambie mwalimu asinipe."

Nimelipitia jambo hili upya. Kila alipopanga viatu nilisema "vizuri" nikafunua ukurasa unaofuata. Kila alipoharibu kitu nilifunga kitabu. Tafadhali yafute malalamiko yote, la kwanza hadi la nne, pamoja na maombi. Mwalimu wa darasa hana kosa. Utepe hauna kosa. Leo mtoto hajafanya ubaya wowote, nami nimeketi sakafuni tangu alipovua viatu. Uniwie radhi kwa mwandiko wa hapa chini. Ameuegemea mkono ninaoandikia, na sina nia ya kumwondoa.