Cheti cha Ukubwa Mtandaoni

Redio ilipotangaza kwamba mtoto wa chini ya miaka kumi na mitatu haruhusiwi akaunti mtandaoni bila idhini ya mzazi, wazazi walishusha pumzi, watoto wakanuna, na Kifungu akaagiza chai ya pili. Sheria hakuisoma hata siku moja, ila alikuwa na tai, mhuri na ulimi laini. Mtaani walimwita Kifungu kwa sababu kila sentensi yake ilitaja kifungu fulani, na vingi alivitunga papo hapo.

Kufikia mchana alishapata meza kwenye kona ya duka la fotokopi, akiuza Cheti cha Ukubwa. Picha ikibandikwa na mhuri ukigongwa, eti mtoto wa miaka kumi anahesabika mtu mzima mtandaoni. Alijitangaza kwa akaunti yake yenye wafuasi elfu kumi na moja. Akaunti hiyo ndiyo iliyomlisha miaka yote.

Fundi cherehani wa jirani akaja, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Binti yangu anataka kuonyesha nguo za wanasesere anazoshona. Kweli cheti kinatosha?"

"Kifungu cha arobaini, aya ya pili, mama! Wewe bonyeza 'nakubali' tu. Kusoma tuachie sisi."

"Mie sikati kitambaa kabla ya kupima."

"Hiki si kitambaa, mama. Hii ni sheria."

Akalipa. Siku ya tatu akarudi amefura.

"Akaunti imefungwa! Mtoto amelia mpaka macho yamevimba!"

Kifungu alikuwa na vifungu vitatu tayari mdomoni, simu yake ikatetema. *Akaunti imefungwa. Umri wa mwenye akaunti: miaka tisa.*

Siku alipojisajili, miaka tisa iliyopita, aliona uvivu kutafuta mwaka wake wa kuzaliwa, akaacha tarehe ya siku ile ile. Sasa atoe kitambulisho, na jina lililomo lilikuwa likitafutwa katika miji miwili. Au apate idhini ya mlezi kabla ya saa kumi jioni, la sivyo akaunti inafutwa kabisa. Marafiki wa kuwaomba hakuwa nao. Wote alishawauzia kitu.

"Mama yangu," akasema, sauti imelowa, "kubali uwe mlezi wangu. Dakika moja tu."

"Pesa yangu kwanza."

Akairudisha mbio. Fundi akaipokea simu, akavaa miwani, akaanza kusoma masharti.

"Bonyeza tu, mama!"

"Tulia, mwanangu."

Akasoma mstari kwa mstari, kama anayekagua mshono wa bibi harusi. Katikati akatabasamu. Mwishoni akaandika namba yake, akaonyesha uso wake kwenye kamera, akabonyeza.

Akaunti ikafunguka. Kifungu nusura ambusu. Kisha akasoma, kwa mara ya kwanza maishani: *Mlezi wako anaweza kuona ujumbe wako, kupanga saa zako na kutangaza kwa niaba yako.*

Fundi alishatoa simu yake mwenyewe. Wafuasi elfu kumi na moja wakapata tangazo: *Mimi ni mlezi wa huyu mtoto. Vyeti vyake ni vya uongo. Njooni duka la fotokopi mchukue pesa zenu, bado yupo.*

Kifungu akanyakua mhuri, akageukia mlango. Fundi alikuwa amesimama pale pale, futi mkononi, na nyuma yake watu wa kwanza walishaanza kupanga foleni.

"Unakwenda wapi, mwanangu? Umeomba ruhusa?"